Safari ya Makunduchi, Kujifunza Kukaa

Nilitoka mjini kwa sababu ya mikono yangu. Mimi ni fundi saa, kiduka changu kiko Mkunazini, na fundi saa akianza kutetemeka mikono hana kazi tena. Mambo yalianza kwa moyo. Muda wa miezi mitatu ulikuwa ukinienda mbio hata nikiwa nimeketi. Usingizi ukanipaa, nikawa nanywa kahawa ili nipate nguvu ya kazi, na kahawa nayo ikazidi kuutimua moyo. Kisha kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikaanza kucheza peke yake.

Nilificha mpaka ilipokuja saa ya Bi Rukia. Bi Rukia ni mjane wa mtaani kwetu, na saa yenyewe ni ya mfukoni, ya marehemu mumewe. Kila baada ya magharibi huitia ufunguo kama alivyokuwa akifanya mumewe, kisha huiweka sikioni akaisikiliza. Aliniletea niisafishe tu. Ilikuwa nzima, inakwenda. Nikaifungua, nikashika koleo, kidole kikaruka, na ile kamani ndogo iliyo nyembamba kama unywele ikakunjika ikawa si kitu. Saa ikanyamaza mkononi mwangu. Sijapata kuona aibu kama ile. Bi Rukia alipokuja kuiulizia, nikamwambia, "Bado kidogo, bibi. Njoo baada ya wiki mbili." Nilichokifanya sikumwambia.

Katika mtoto wa meza nilikuwa na kamani moja tu ya kulingana na ile, niliyoitoa kwenye saa kuukuu. Nikiiharibu hiyo, hakuna nyingine. Nikenda hospitali. Daktari alinipima, akanigonga magoti, akasema, "Mifupa mizima, mishipa mizima. Moyo wako ndio hautulii. Jifunze kutulia." Nikamuuliza hilo somo linafundishwa wapi. Akacheka, akamwita mgonjwa mwengine.

Jawabu nililipata kwa shemeji yangu Makame, kaka wa mke wangu Zuwena, aliyekuja mjini kuuza chokaa. Aliponiona nashika kikombe kwa mikono miwili, akasema, "Kwetu Makunduchi wako watu wanaojua kukaa. Wanakaa, na mioyo yao inakaa. Twende, shemeji."

Asubuhi ya Jumamosi tulipanda gari la shamba pale Darajani. Nilichukua mkeka mpya, tasbihi, daftari na penseli ya kuandikia masomo, na saa yangu ya mkononi niliyoilinganisha na ya mnara wa Beit el Ajaib kabla ya kuondoka. Zuwena alinitazama nikifunga furushi, akasema, "Unakwenda kujifunza kutulia au kufanya mtihani?" Nikakaza fundo.

Hadi Tunguu njia ilikuwa ya minazi na mihogo, udongo mwekundu, nchi ninayoijua. Baada ya msitu wa Jozani mambo yakabadilika. Udongo uliisha, yakabaki mawe meupe yaliyotoboka toboka, na vichaka vimeota katika nyufa zake. Watu wa huko hupanda mbegu katika vishimo vya mawe, penye ukufi mmoja wa udongo, nao huvuna. Arusi yetu na Zuwena ilifungwa mjini, huku sikuwahi kufika, na miaka yote niliyoishi Unguja sikujua kuwa kisiwa changu kina sehemu iliyo jiwe tupu. Nilimuuliza Makame, "Maji mnapata wapi?" Akanijibu, "Utaona."

Alasiri tulifika. Mama mkwe wangu, Bi Mwaka, alikuwa ukumbini anasuka ukili. Nikasimama mbali kidogo, kama inavyompasa mtu mbele ya mkwewe, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Zuwena hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

Hakuniuliza la mikono. Aliniletea uji wa mtama, akaniona ninavyoshika kata, akarudi kwenye ukili wake. Nilipomaliza, nikavaa kanzu safi, nikachukua mkeka na daftari, nikamwambia Makame nipo tayari kupelekwa kwa mwalimu. Nilikuwa nimeshamwona akilini: sheikh mwenye ndevu nyeupe, na wanafunzi wamemzunguka.

Makame akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwalimu si huyo alokupa uji!"

Kujifunza kutulia kwa mkwe! Mtu ambaye mbele yake hata kukohoa nakohoa kwa adabu! Nilitaka kurudi mjini siku ile ile, ila gari lilikuwa limekwisha ondoka.

Alfajiri ya pili Bi Mwaka alinipitia na mtungi kichwani. "Acha mkeka," alisema. "Na daftari acha. Saa kama huwezi kuiacha, njoo nayo." Tukaenda, yeye mbele, mimi nyuma hatua kumi, tukakata vichaka mpaka penye shimo katika jiwe. Ndani yake mlikuwa na vidato vilivyochongwa, na chini kabisa pango, na katika pango maji kidogo, meusi, yametulia. Wanawake sita walikuwa wameshaketi juu ya vidato, mitungi yao mapajani. Mmoja akasema jambo kwa Kikae, wakacheka wote. Kikae ni lugha yao wenyewe na mimi naishika nusu tu, lakini lile nililishika: mwanamme wa mjini kaja kuteka maji.

"Mgonjwa wangu huyo," alisema Bi Mwaka, wakanipisha.

Akanionyesha pa kukaa, naye akaketi kidato cha mbele, kanipa mgongo, ili yeye asione haya wala mimi nisione. Akasema bila ya kugeuka, "Maji haya yanapanda. Hatuteki mpaka yasimame, maana ukitia kata yangali yanapanda, unavuruga, unapata ya chumvi. Yakishasimama, ya juu ni matamu. Basi sisi tunangoja. Na anongoja hapa hasemi, hagombani, hahesabu. Anatazama maji yalipofika. Moyo ukenda zake, urudishe kwenye maji. Ndo hivyo tu."

"Naam, mama. Na kuna wirdi wa kusoma?"

"Wengine wanasoma. Mimi nnamshukuru Mungu kwa maji. Haya, kaa."

Siku ile sikukaa, niliteseka. Mgongo uliniuma, mbu walinifaidi, na moyo haukwenda kwenye maji hata kidogo. Ulikwenda Mkunazini kwenye mtoto wa meza. Kutwa nzima hufanya kazi na vitu vinavyogonga mara tano kila sekunde, na kumbe navyo nimevibeba kichwani. Nilihesabu pumzi, nikahesabu wanawake, nikahesabu vidato. Maji yaliposimama wakateka, nami nikatazama saa yangu: saa moja na robo. Nikafurahi angalau kujua jambo moja kwa hakika.

Kesho yake nilimwambia Bi Mwaka asihangaike kunipitia. Saa moja na robo barabara nilikuwa pangoni, peke yangu, na maji bado hayajafika pale pa jana. Nikaitikisa saa. Nikaiweka sikioni. Inakwenda. Nilikaa pale nikikereka karibu saa nzima, mpaka wanawake wakaanza kushuka polepole na mitungi yao, na Bi Mwaka nyuma yao.

"Mama, leo yamechelewa," nilimwambia.

"Alokwambia kuwa yatakuja saa moja na robo nani?"

Wanawake wakaangua kicheko, na pango zima likacheka pamoja nao. Yapo maji ya bahari yanayojaa na kupwa, na kila siku husogea mbele karibu saa moja. Mtoto yeyote wa pwani analijua hilo. Lakini pale tulipokuwa bahari haionekani wala haisikiki. Haikunipitikia kwamba maji yale matamu, chini ya jiwe, mbali vile na pwani, yanapanda kwa sababu bahari imejaa. Nikauliza, wakaniambia ndiyo. Bahari ikijaa huko nje, hupenya chini ya jiwe, huyanyanyua maji ya mvua yaliyo juu yake, na kisima hupanda. Ikipwa, hushuka.

Nilivua saa, nikaitia mfukoni.

Siku ya nne, nadhani ilikuwa ya nne, nilikuwa natazama ukingo wa maji kwenye kidato. Palikuwa na chembe ya jani kavu. Sikuona maji yakienda, ila jani lilikuwa chini ya ufa, kisha likawa kwenye ufa, kisha juu yake. Bila ya sauti. Bila ya haraka. Hapo ndipo jambo liliponiingia, na mpaka leo nikilikumbuka mwili unanisisimka: kwamba chini yangu, chini ya mihogo na misikiti na Mkunazini yangu yenye makelele, kisiwa chote kimekuwa kikipanda na kushuka hivi tangu Mungu alipokiumba, mara mbili kila siku, na mimi nimekaa juu yake miaka arubaini nikishindana na sekunde. Subhanallah! Machozi yalinitoka. Nilimshukuru Mungu kuwa mkwe wangu kanipa mgongo.

Tangu siku ile nilikuwa nakwenda pangoni kwa hamu, maji yalipokuja asubuhi na, siku zilizofuata, yalipokuja karibu na adhuhuri. Kahawa sikuitaja, Bi Mwaka akinichemshia mchaichai. Usingizi ulirudi. Yakaja maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana, kisima hupanda vidole viwili tu na wanawake hungoja sana, na hapo niligundua jambo ambalo hakuna aliyenifundisha. Maji yakishapanda hayageuki papo hapo kushuka. Husimama. Ni kitambo kidogo, jani halendi huku wala huku. Nikaitazama pumzi yangu, nikaona nayo ni hivyo hivyo. Ikishatoka yote, kabla ya kuingia nyingine, husimama. Nikaunyanyua mkono wa kulia mbele ya uso. Pumzi ikiingia, kidole kinacheza. Ikitoka, kinacheza. Iliposimama, kidole kilisimama.

Nilimweleza Bi Mwaka tukirudi, mimi hatua kumi nyuma, kwa sauti ya mtoto aliyeokota kitu. Hakusimama. Alisema, "Basi una pahala pa kutekea."

Siku ya kumi niliaga. Bi Mwaka alimpa Makame mkoba wa ukili anipe, wa Zuwena, na akaniambia kwa mbali, "Na huyo mwenye saa mwambie kweli. Moyo haukai na jambo ulilolificha." Yeye sikuwa nimemsimulia, ila Makame nilimweleza njiani. Bila shaka Makame ndiye aliyenichongea, na nilimsamehe kabla ya kufika Kitogani.

Jumatano asubuhi nilifungua duka, na kabla sijafuta vumbi Bi Rukia akaingia. Nilidhani ningepata siku mbili tatu za kujaribu. Sikupata.

"Shikamoo, bibi. Saa yako ilikuja nzima, mimi ndiye niliyeiharibu. Mikono inanitetemeka. Iko kamani moja ya kutia badala yake, na hii nikiiharibu hapana nyingine. Ukitaka mpelekee fundi mwengine, ni haki yako."

Alinitazama mikono. Kisha akavuta kigoda. "Tia," alisema. "Mimi n'takaa hapa hapa."

Kazi ambayo zamani ilinichukua robo saa ilinichukua asubuhi nzima. Nilitia kioo jichoni, nikaitoa kamani katika karatasi, nikangoja. Pumzi ikatoka, ikasimama, nikaisogeza kidogo. Pumzi ikaingia, nikautoa mkono. Mkono ulitetemeka siku ile na unatetemeka hata leo, sitaki msomaji adhani nimerudi na muujiza. Nilirudi na kile kitambo kidogo tu, na kazi yangu yote sasa naifanya ndani yake. Wateja waliokuja niliwaambia wangoje, na Bi Rukia akawaonyesha pa kukaa.

Adhana ya adhuhuri ilipokaribia nilitia parafujo ya mwisho, nikaitia saa ufunguo. Ikaanza kwenda.

Bi Rukia aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka sikioni, akafumba macho. Nilikuwa na la kumwambia, la kumwomba radhi, lakini nikamwona mabega yake yakipanda taratibu na kushuka taratibu, nikajua amekaa. Nikageuza kiti changu, nikampa mgongo.