Salamu Niliyoitikia

Asubuhi ile mimi na mume wangu Elia tulikuwa tumegombana kwa sababu ya chumvi. Elia alikulia kwenye kambi za wakimbizi Tanzania, na huko, kwa alivyosema, chumvi ilikuwa ya kuonja tu. Mimi ni mtu wa Rumonge, mji wa kando ya ziwa, nimelelewa kwa ndagala, dagaa wa kwetu, waliokaushwa kwa chumvi, mkono wangu mzito. Alisukuma sahani ya maharage, nikamwambia kesho apike mwenyewe. Tukatoka kwenda sokoni tumenuniana, yeye mbele akikokota baiskeli yenye mkungu wa ndizi, mimi nyuma kabisa, kilemba kichwani na kitenge mabegani.

Tulikuwa kaskazini-mashariki mwa Kongo, mbali na ziwa letu. Elia aliporudi kutoka uhamishoni alikuta shamba la michikichi la marehemu baba yake, kule kwetu Kizuka, lina watu wengine. Kesi ilimchosha. Kanisa moja la Kongo lilikuwa linatafuta mwalimu, tukaenda. Tulisikia kwamba watu wenye silaha wanaua Wakristo, lakini kila kijiji kilisema hayo ni mambo ya vijiji vya mbali.

Asubuhi hiyo walitoka kwenye mikakao kando ya njia. Walikuwa vijana, wana bunduki na mapanga. Walimsimamisha Elia kwanza, wakamuuliza dini yake. Akasema ni Mkristo, mwalimu wa kanisa. Alisema kwa sauti yake ya darasani.

Mmoja akaja kwangu.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh," nikajibu.

Sikufikiri. Kwetu Rumonge tulipakana ua na Bi Zuhura, Mwislamu, muuza ndagala, na utotoni hukupata hata kipande cha sambusa kwake bila kuitikia salamu mpaka mwisho. Wakristo wa mtaa wetu wote huitikia hivyo. Ni adabu tu, kama kuvua viatu mlangoni.

Kijana akatazama kilemba changu. Akamgeukia Elia.

"Huyu mwanamke ni wako?"

Elia alinitazama kama anavyotazamwa mpita njia.

"Simjui."

Wakaniambia niende.

Nikaenda. Nikasikia baiskeli ikianguka. Sikugeuka.

Niliporudi bila Elia, kanisa letu la Rumonge lilinipokea vizuri, na hilo nalisema bila kinyongo. Akina mama walikuja kuketi nami matangani, wakapika, wakateka maji, wakalala mkekani pamoja nami. Mchungaji alimhubiri Elia, aliyeulizwa akakiri. Picha yake ikawekwa mbele, karibu na mimbari. Kisha wakaniomba nitoe ushuhuda. Nikaeleza nilivyopona, salamu na jibu langu nililojifunza kwa Bi Zuhura, ila lile neno la Elia nikaliacha.

Nilipokaa, hakuna aliyesema amina.

Tangu hapo mambo yalibadilika. Waimbaji wa kwaya waliacha kununua ndagala kwa Bi Zuhura. Akina mama wakaanza kuniaga mapema, kila mmoja ana mgonjwa nyumbani. Jumapili ya Meza ya Bwana shemasi alinipita na sinia bila kusimama. Nilidhani upweke ni kulala peke yako kitandani. Kumbe ni kukaa kanisani benchi zima likawa lako.

Siku ya kuganduka, yaani ya kumaliza matanga, ilipokaribia, mchungaji alinijia nyumbani.

"Dada Yunisi, amahoro."

"Amahoro, muchungaji. Karibu ukae."

"Sisi hatuko na ubaya na wewe. Lakini watu wanauliza. Bwana yako alikiri Yesu, wewe ukakubali kuonekana wa dini ingine. Tubu tu mbele ya kanisa, dakika kidogo, tukurudishe ku Meza."

"Nitubu nini?"

"Ile salamu."

"Na wewe nimekusikia ukimuitikia Bi Zuhura ku soko."

"Ku soko hakuna bunduki, dada."

Akasema nisipotubu, siku ya kuganduka nitakaa nyuma na wageni, na kiti cha mjane kitabaki kitupu.

Bi Zuhura alizisikia habari hizo, akaja akasimama uani, hakutaka hata kukaa. "Mwanangu, kama ni mimi ninakuponza, tubu. Mungu anaelewa." Nusura nikubali. Nilikitaka sana kiti kile. Kaburi la Elia silijui lilipo, na hapo mbele, karibu na picha yake, ndipo mahali pekee ambapo ningehesabiwa kuwa mke wake.

Siku yenyewe mchungaji aliniita mbele. Hasira ilinishika mkono, nikaenda.

"Ushuhuda wangu mulisikia nusu," nikasema. "Walimuuliza Elia kama mimi ni bibi yake. Akasema hanijui. Yeye hakumukana Yesu. Alinikana mimi, ndiyo maana niko hapa. Munaniambia nitubu kwa sababu nilipona. Elia ndiye aliniponya, na aliniponya na uongo. Basi kwanza mutoe ile picha yake."

Mchungaji alifungua Biblia, akaifunga, akaketi. Mama mmoja wa kwaya alianza kulia kwa sauti. Nikakaa kwenye kiti cha mjane bila kuambiwa, na hakuna aliyeniondoa.

Miaka imepita. Sijatubu, na mchungaji hajanigusia tena jambo hilo. Sinia siku hizi husimama mbele yangu, ingawa shemasi hutazama pembeni. Wageni wanaokuja kusali nasi huniuliza kama nimewasamehe wale vijana. Ni swali zuri, nami huwajibu kwamba naomba niweze.

Wanachokosa kuuliza ni nilibaki na nini. Wajane wenzangu wa vita wana kwaheri, au tutaonana, au hata jina lao likiitwa. Mimi neno la mwisho nililosikia kinywani mwa mume wangu ni simjui. Najua alilisema kwa kunipenda. Lakini kulikumbuka kunauma vilevile.