Sauti Iliyofukuza Nyani

Kwa miaka mingi nilikuwa mama mkwe mbaya. Si nyumbani kwangu; Mwenyezi Mungu hakunijalia mtoto wa kuniletea mkwe. Nilikuwa mama mkwe redioni, na baadaye kwenye televisheni, huko Dar es Salaam. Mwongozaji aliyehitaji mwanamke wa kuvunja ndoa au kutia sumu kwenye uji alinitafuta mimi. Wasichana wazuri walikuja wakaondoka. Mimi nilibaki, maana uso wangu ulianza kuzeeka mapema.

Redioni hakuna uso. Kuna koo na miguu. Studio yetu ilikuwa chumba kidogo kilichobandikwa magodoro ukutani, na sakafuni palikuwa na karai la changarawe tulilolikanyaga ili isikike mtu anatembea njiani. Mama mkwe wangu nilimtengenezea mwendo wake: kandambili moja inayoburutwa, kisha kikohozi kifupi, kisha neno "mwanangu" lililovutwa polepole kama kamba ya kisima. Msikilizaji akisikia kandambili tu, alijua kuna mtu ataumia. Kabla ya kurekodi nilisema bismillahi, na tukimaliza nilishukuru kwa riziki. Shehe mmoja aliwahi kuniambia kwamba anayeonyesha ubaya ili watu waukimbie hana dhambi. Maneno yake nimeyashika hadi leo.

Mume wangu alipofariki, na magoti yangu yakakataa ngazi za studio, nilirudi Nachingwea, kwenye nyumba ya baba na mikorosho yake. Nilidhani narudi kwa watu wangu. Siku ya kwanza sokoni nilimuuliza mama mmoja kama nyanya zake zimechumwa leo. Aliposikia sauti yangu aliinua kichwa, akanitazama, akavuta kanga na kumfunika mtoto aliyekuwa mgongoni.

Tangu hapo nikajifunza kununua kwa kidole. Naonyesha nyanya, naonyesha dagaa, natikisa kichwa. Mwezi wa Ramadhani nilipeleka uji wa futari msikitini, sufuria ikarudi imejaa kama ilivyokwenda. Mwaka uliofuata sikupeleka. Pakitokea msiba wa mwanamke, wanaita waoshaji kutoka mtaa wa mbali, ingawa kazi ya kuosha maiti nilifundishwa na bibi yangu na nimeifanya sana. Mama wa Kisukuma anayeniletea maziwa ndiye pekee anayenisalimia kwa furaha. Wao wamehamia juzi na ng'ombe wao, hawakuwahi kunisikia redioni. Sauti yangu kamili naisikia ninaposoma Kurani tu, mlango ukiwa umefungwa.

Nilikuwa na mtu mmoja: mdogo wangu, aliyeolewa Mbwemkuru, upande wa Ruangwa. Kila Ijumaa baada ya sala alinipigia simu.

"Mchawi wangu, hujambo?"

"Sijambo. Umekunywa uji?"

"Nimekunywa na bado mzima. Dawa zako zimeisha nguvu!"

Basi tulicheka mpaka simu ikakatika.

Ijumaa moja aliyepiga alikuwa binti yake. Mama yake amefariki alfajiri.

Nilipofika Mbwemkuru, wanawake walikuwa wameshazungushia mikeka nyuma ya nyumba, na maji ya majani ya mkunazi yalikuwa jikoni. Nilitaka jambo moja tu duniani siku ile, kumuosha mdogo wangu kwa mikono yangu. Ndiyo mikono iliyomwogesha alipokuwa mtoto.

Kiongozi wa waoshaji alinishika bega. "Dada, pole sana. Wewe kaa upumzike. Sisi tutamaliza."

"Nataka kuingia."

"Pumzika, dada."

Nikakaa. Nyuma yangu wanawake wawili walinong'ona.

"Alimnywesha mkwe wake uji mpaka akafa."

"Si ilikuwa redioni?"

"Redioni, ndiyo. Lakini mtu atatoa wapi maneno yale kama hayamo ndani yake?"

Binti wa marehemu alisikia, akainamisha kichwa. Ana watoto wadogo, na wale ndio majirani zake. Sikumlaumu. Nilishika tasbihi yangu nikaomba subira.

Kwetu msiba ni wa watani. Watani wa ukoo ndio wanaofagia na kuchota maji, na ndio wenye ruhusa ya kumuigiza marehemu watu wakiwa wanalia. Hakuna wa kukasirika, na mfiwa akitaniwa sharti ajibu. Mtani wetu, bibi mfupi aliyejifunga kanga kiunoni, alitoka jikoni na ufagio. Akavua kandambili moja, akaanza kuiburuta ile nyingine uwanjani. Akakohoa. Akaelekeza ufagio kwenye miti.

"Mwanangu! Njoo unywe uji!"

Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Mimi nilidhani ananiigiza mimi, nikaona uchungu.

"Huyo ndiye marehemu wenu," mtani akanigeukia. "Hukujua? Hivi ndivyo alivyofukuza nyani shambani. Manati hana, mbwa hana. Anaburuta kandambili, anaita mwanangu, nyani hao, mpaka Matambarale!"

"Wallahi kweli," mwanamke mmoja akadakia. "Hata mahindi yangu yalipona kwa sababu yake."

"Na mwenye sauti ndiye huyu hapa, amekaa kama kuku aliyenyeshewa. Mchawi gani anazuiwa na mkeka? Haya mfiwa, jibu! Au uchawi umeuacha Dar es Salaam?"

Sauti ile nilikuwa sijaitoa tangu nirudi. Kuitoa pale ilikuwa kama kuwathibitishia yote waliyoyanong'ona. Lakini mtani hujibiwa. Nikasimama, nikaburuta mguu, nikakohoa.

"Mwanangu," nikamwambia, "uji wa asubuhi ulikuwa mtamu, eh? Tumbo bado halijaanza?"

Mtani akashika tumbo, akapiga yowe, akaanguka chali miguu juu. Hata kiongozi wa waoshaji alijiziba mdomo kwa kanga. Si wote waliocheka. Mmoja wa wale waliokuwa wakinong'ona alihama mkeka, akaenda kukaa mbali nami. Lakini binti wa mdogo wangu aliinuka, akashika ndoo.

"Mama mkubwa, ingia. Maji yanapoa."

Hakuna aliyembishia.

Nilianza upande wa kulia, kama nilivyofundishwa. Kwenye goti lake lilikuwapo lile kovu la jiwe la kisimani, la utotoni. Nililipitishia maji taratibu.

Baadaye, tulipokuwa tunakamua nguo, binti yule alisema bila kunitazama, "Mama mkubwa, zamu yako ikifika, uniite mimi."

"Nitakuitaje nikiwa nimekufa?"

"Kwa sauti ile ile. Nitasikia."

Nimerudi Nachingwea. Sokoni bado nanunua kwa kidole. Mungu amenipa mtu wa kuniosha, na nashukuru kwa hilo kila sala. Ila Ijumaa simu haiiti. Baada ya sala natoka uani, ambako ngedere wanakuja kula mapapai ya baba. Naburuta kandambili, nakohoa, naita mwanangu. Wanakimbia. Kisha nasimama kidogo, kama vile kuna mtu atacheka.