Chai ya Hinda Haiunguzi

Saa kumi na mbili asubuhi, kafyu imekwisha, na mji wa Meru umeanza kukohoa na kupasua kuni. Karibu na kituo cha malori yaendayo Maua na Muthara, Hinda amesimama nyuma ya meko yake, jagi la bati kwenye kila mkono. Analiinua la kulia hadi usawa wa sikio, anamimina chai ndani ya la kushoto, kisha anabadilisha. Mvuke wa tangawizi unampiga usoni. Hapumziki.

Wapakizi wa malori wamepanga foleni. Hakuna aliyeketi. Hinda anadondosha tone la chai kwenye kifundo cha mkono, kama mama anayepima maziwa ya mtoto, anatikisa kichwa, anamimina tena. Mtu mmoja nyuma anauliza kama leo watavishwa nepi pia. Wenzake wanacheka. Hinda hakasiriki, lakini kikombe hakitoki mpaka yeye mwenyewe aridhike.

Utani huo ameuzoea. Asichoweza kuzoea ni kile alichokiona nyumbani kwake.

Mumewe, Roble, alikuwa dereva wa lori, na katika barabara ya Isiolo hakuna aliyemfikia kwa chai ya moto. Ikishuka motoni, bado inatokota, aliigugumia na kuimaliza wenzake wangali wanapuliza. Wanaume walimshangilia. Hinda naye alijivunia, haya, kwa nini asijivunie? Alikuwa mume wake.

Kisha ugali ukaanza kumkwama kooni. Roble akasema ni mafua. Ukafuata uji, na mwishowe maji yenyewe hayakushuka. Alikonda mpaka koti lake likawa kama la kuazima. Hospitalini waliambiwa ni saratani ya njia ya chakula, na haikuchukua muda, Hinda akawa mjane.

Alimwuliza daktari kisa ni nini. Daktari hakumdanganya. Alisema hajui kwa hakika. Wapo wanaoshuku kwamba vinywaji vya moto mno, vinavyounguza koo siku baada ya siku, huchangia, lakini yeye hawezi kuapa. Chai yenyewe hakuilaumu. Moto wake ndio uliomtia wasiwasi.

"Alisema huenda," Hinda anasimulia. "Kwangu mimi hiyo huenda ilitosha. Ningengoja uhakika, ningemzika nani tena?"

Mwanzoni alifanya jambo rahisi kabisa. Aliwapa wateja chai, akawaomba wakae kwenye benchi mpaka ipoe. Miaka mingine lisingekuwa neno, lakini hii ni Hali ya Hatari, na serikali ya kikoloni imepiga marufuku mikusanyiko. Wanaume wameketi bega kwa bega, vikombe vimejaa, hakuna anayekunywa, wote wanangoja. Sajini wa doria alipopita aliona mkutano.

Akauliza wanangoja nini. Wakamjibu wanangoja chai ipoe. Jamani, hebu mpe sajini jibu kama hilo wakati huu! Alidhani wanamchezea. Vipande vya utambulisho vikakaguliwa, wawili wakalala ndani, benchi likabebwa. Hinda akaonywa kwamba kikionekana tena kikundi kimekaa pale, kibali chake cha biashara kitafutwa. Kibali hicho ndicho kinachowalisha na kuwasomesha watoto wake, Hared na Osob.

Mwingine angerudia chai ya kuchemka, watu wanywe mbio waondoke, sajini afurahi. Hinda alipiga moyo konde.

"Nikasema, kama wao hawaruhusiwi kungoja, basi nitangoja mimi kwa niaba yao."

Ndipo alipoanza kumimina, asubuhi nzima, jagi kwa jagi, ili kila kikombe kifike mkononi kikiwa tayari kunyweka.

Wateja wakaingia mitini. Walivuka barabara hadi kibanda cha pili, kwenye chai inayotokota, na mauzo ya Hinda yakashuka hadi nusu. Hilo alilivumilia. Kilichomuuma ni kumwona Njagi miongoni mwao. Njagi, mwenyeji wa Embu, alikuwa utingo wa Roble, na unywaji wake alijifunza kwa Roble mwenyewe.

Asubuhi moja Hinda aliacha meko, akajaza kikombe, akavuka barabara nacho. Walioshuhudia wanasema alikwenda moja kwa moja hadi kwa Njagi. Hakupaza sauti.

"Njagi, chai ya Roble nilikuwa naipika mimi. Nilimpenda, ndiyo maana nilimpa ya moto kuliko watu wote. Wewe sitakupa."

Njagi aliweka chini kikombe alichokuwa nacho, akapokea cha Hinda. Tangu siku hiyo yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni, na taratibu wengine wamemfuata, baadhi shingo upande.

"Haina makali," Njagi analalamika, akipangusa masharubu. "Lakini huyu mama alimlisha bosi wangu maji kwa kijiko, na hata hayo yakarudi. Nitamwambia nini?"

Sajini bado hupita. Hutazama, haoni aliyekaa, huenda zake. Hinda analipa kwa mabega yake: jioni mikono haiinuki, na Osob ndiye humsuka nywele mama yake. Mwandishi huyu alijaribu kumimina kidogo tu, akarudisha majagi kwa aibu.

Mbona asiajiri mtu? Hinda anasema fedha haijatosha, na zaidi ya hapo hamwamini mtu kupima tone. Anachotaka si mkono wa pili. Hali hii ikiisha, anasema, atachongesha benchi refu, majagi ayatundike ukutani, na mikono ipumzike.

"Nataka nimwone mtu amekaa hapa mpaka chai yake ipoe yenyewe," anasema, "na asitokee wa kumwuliza anangoja nini."