Maji ya Baraka Yameizima Kompyuta ya Leticia

Leo nimeimwagia kompyuta maji ya baraka. Chekeni, mkimaliza mnisikilize.

Mjukuu wangu Leticia, anayesomea uhandisi chuoni, alining'iniza mawe mawili, kila moja kwa uzi wake, kwenye kamba moja hapa jikoni kwangu Mpui. Kompyuta yake pembeni ilikuwa inaigiza mwendo wa mawe hayo. Ndio utafiti wake.

Akatoka nje. Jiwe moja linabembea, lingine limetulia.

Mara lile lililotulia likaanza kubembea. Lenyewe! La kwanza likasimama.

Ningefanyaje? Nikachukua chupa yangu ya kanisani, nikaimwagia kompyuta, maana ndiyo niliyodhani inayachezesha.

Kompyuta ikazima.

Leticia akaingia mbio. "Bibi! Ni kamba tu! Jiwe moja linasukuma lenzake kupitia kamba!"

"Si ungesema mapema, wewe! Mawe yacheze nyumbani kwangu ninyamaze?"

Jirani akasema mchele hufyonza maji. Sina mchele, nikaifukia kwenye ulezi. Sasa ulezi umejaa kila tundu.

Mwenye fundi Sumbawanga mjini aseme upesi. Mahubiri sitaki.

Kazi yote ya Leticia imo kwenye kompyuta hiyo. Amelala, ameutazama ukuta.

Katulia yeye, natikisika mimi. Kamba yetu ni moja.