Sindano Apima Gari Bubu

Vizazi vijavyo vifahamu kwamba lile swali zito, ambalo wauza magari, waandishi wa magazeti na waume wabishi wamelijadili hadi mate yakawakauka, yaani kama haya magari mapya ya umeme yenye viti saba yanazifaa familia na safari za kupiga kambi, hatimaye lilifikishwa mbele ya mtaalamu. Mtaalamu alikuwa amelala chali sakafuni, misumari minne mdomoni, kiatu kimoja kimemtoka. Alikuwa anavisha upya kiti cha daktari wa meno.

Alikuwa fundi viti. Mtaani walimwita Sindano, kwa kazi yake na kwa ulimi wake, na hakuna aliyejua kipi kilianza kumpa jina. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ameshinda katika chumba kimoja nyuma ya duka la rangi, kati ya marobota ya kitambaa na sponji zilizorundikwa hadi darini. Amevisha viti vya mabasi, vya kinyozi, vya kumbi za mikutano, na safari moja kiti cha jaji, ambacho chini yake alikuta chingamu iliyokauka. Siri hiyo hakumwambia mtu. Aliwaambia wote.

Kila kiti alichokimaliza alikikalia saa nzima na kikombe chake cha chai kabla hajampigia simu mwenyewe.

"Kiti hakijaribiwi kwa macho," alisema. "Macho hayakai."

Aliyeleta swali alikuwa kaka yake mkubwa, mstaafu wa idara ya maji. Ndugu wote walimwita Mwenyekiti, maana hapakuwa na kikao cha familia, hata cha kuamua nani aoshe sufuria, kilichoweza kwenda bila yeye kukifungua na kukifunga.

"Kaka, umekuja kwa miguu?" Sindano aliuliza akiwa bado chini.

"Nimekuja na gari."

"Sijasikia gari."

"Ndiyo hivyo sasa!" Mwenyekiti alipiga makofi. "Halisikiki! Toka nje ulione."

Nje lilikuwa limesimama gari refu jeupe, la milango ya kusukuma, linang'aa kama jino la bandia. Mke wa Mwenyekiti alikuwa kiti cha mbele, kitabu cha maelekezo kimefunguliwa mapajani.

"Wifi, usiguse kitu," alionya. "Kila ukigusacho kinaongea."

Mwenyekiti alieleza, na safari hii hakurefusha. Kila mwaka familia yao yote ilikwenda kupiga kambi ziwani siku tatu. Mama yao, mwenye miaka themanini na mmoja, hakuwahi kukosa. Mwaka huu ameteleza bafuni na nyonga imeumia. Daktari amesema anaweza kusafiri, ila asikae kitako muda mrefu, alale. Ndiyo maana Mwenyekiti ameuza gari lao la zamani la dizeli na kununua hili lenye nafasi. Anataka kitanda nyuma, imara, ndani ya siku kumi.

"Kama halimlazi, haendi," alisema. "Na unajua alivyosema. Asipoliona ziwa mwaka huu, la mwakani hategemei."

Sindano alitema misumari kiganjani. Akaingia garini na futi yake ya utepe, akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa. Magoti yakampanda hadi kidevuni.

"Mbona magoti yangu yananitazama?"

"Betri iko chini ya sakafu," wifi alisoma kitabuni. "Kwa hiyo sakafu imeinuka kidogo."

"Hapa pamepimwa kwa ajili ya chura."

Hata hivyo alikwenda kuchukua keekee, akapiga magoti, akaiweka ncha sakafuni pale atakapopitisha bolti ya kwanza. Wifi alipiga yowe lililomtoa muuza rangi dukani.

"Wifi! Utatuunguza! Nimekwambia chini hapo kuna betri!"

Sindano alibaki na keekee mkononi. Tangu aanze kazi, kila alichokifunga garini alikifunga kwa kutoboa sakafu.

"Kwa hiyo hili gari halina chini?"

"Chini linayo," alisema Mwenyekiti. "Ila si yetu."

Siku tatu alilizunguka gari lile kama polisi anayetafuta kosa. Ya nne aligundua kwamba viti vya katikati vilikaa juu ya reli, na kiti kikitoka reli inabaki. Akachomelea fremu inayoingia kwenye reli zile bila tundu hata moja, juu yake akapanga sponji tabaka tatu: ngumu, ya wastani, laini. Akalala mwenyewe, akamwamuru kaka yake apite kwenye matuta yote ya barabara ya soko, kwenda na kurudi. Kitanda hakikutikisika. Alishuka amevimba kichwa.

Jumamosi asubuhi ikawa zamu ya Mama kukijaribu. Walimpandisha taratibu, mto mmoja kichwani, mwingine chini ya magoti. Mama alipapasa kingo za kitanda.

"Mwanangu, umenitengenezea kitanda au jeneza?"

"Jeneza lina kifuniko, Mama."

"Haya, twendeni kabla hujakileta."

Sindano alikaa pembeni ya kitanda. Mbele, wifi alisoma asilimia za chaji kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya uchaguzi. Gari liliteleza hadi barabara kuu bila mngurumo, bila mtikisiko wa usukani. Zilisikika tairi tu, na upepo kidogo dirishani.

Kwenye kona ya kwanza kikasikika kitu. Kidogo, kifupi. Mmh.

"Kitanda chako kinalia," alisema Mwenyekiti.

"Kitanda changu hakilii."

Kona ya pili. Mmh.

"Fundi, kinalia hicho."

Sindano aliinama, akabana bolti moja baada ya nyingine kwa vidole, akatega sikio kwenye fremu. Chuma kilikuwa kimya. Alipoinua kichwa alimwona mama yake. Ameuma ncha ya shuka, macho ameyakaza darini, na jasho limejipanga juu ya mdomo.

"Mama."

"Endeleeni."

"Mama, unaumia."

"Nimesema endeleeni. Si huwa tunaendelea?"

"Huwa?"

Mama aliitoa shuka mdomoni, akaikunja vizuri kama mtu aliyefumaniwa. "Lile gari la zamani lilikuwa na adabu zake. Ukiguna, lenyewe linanguruma, linakufunika. Hili lina masikio."

Mwenyekiti aliegesha pembeni. Taa ya kukunjia kona iliendelea kugonga, tik, tik, tik, na gari zima likaisikiliza.

Ndipo Sindano alipokumbuka kiti cha Mama katika gari la dizeli. Mara mbili katika miaka sita alikifungua akakuta sponji imelala upande wa kushoto, na wa kulia uko kama ulivyotoka dukani. Mara zote mbili aliamini ameuziwa sponji mbovu. Mara ya pili alikwenda kwa muuza sponji akamtukana mbele ya wateja wake hadi mzee wa watu akamrudishia kipande kizima bure. Yeye, aliyeweza kushika kiti cha basi na kukwambia dereva ana kitambi, alikuwa ameishika nyonga ya mama yake kwa mikono miwili, akaivisha kitambaa kipya na kuirudisha garini.

"Ni tangu lini, Mama?"

"Tangu baba yenu yu hai. Kule bafuni nilimalizia tu."

"Sasa kwa nini hukusema tusimame?"

Mama alitazama kisogo cha mwanawe kule mbele. "Kaka yako alikuwa anafurahi sana. Kila tukifika anatangaza: masaa matatu, hatujagusa breki! Watoto wanashangilia. Ningemharibia."

Mwenyekiti alikuwa na hotuba kwa kila jambo. Alikuwa nayo siku mbwa wa jirani alipokufa. Sasa alichukua ncha ya mkono wa shati lake akaanza kufuta dashibodi isiyokuwa na vumbi, akafuta, akafuta, mpaka mkewe akaushika mkono wake na kuuweka chini.

"Basi tuahirishe," alisema mwishowe. "Mama abaki nyumbani apumzike, sisi tuta..."

"Kikao kimefunguliwa na nani?" Sindano alimkata. Akamgeukia mama yake. "Mama, unataka kwenda?"

Swali hilo lilikuwa jipya kwa Mama. Siku zote alikuwa akijulishwa saa ya kuondoka tu.

"Nataka. Ila kila nusu saa nataka kushuka, nisimame, nitembee hatua mbili tatu. Na nikiumia nitasema, msinishangae."

Wifi alikohoa. Alikuwa amekishika kile kitabu kifuani.

"Na mimi nilikuwa na langu," alisema. "Tukijaa watu, na mahema, na ile milima, chaji haitatosha kufika. Lazima tusimame tuchaji karibu saa nzima. Nimelijua tangu wiki iliyopita. Sikusema kwa sababu umeshawaambia majirani linafika kwa pumzi moja."

"Kumbe kila mtu humu ana mguno wake," alisema Sindano, na hakucheka.

Alirudi karakana, akakipasua kitanda. Kushoto alitoa sponji ngumu akaweka laini, kulia akaongeza inchi moja, na juu ya mlango akashona mkanda mpana wa kushikia ili Mama aweze kujivuta mwenyewe. Kisha alifunga kipande kizuri cha sponji kwenye gazeti, akampelekea yule mzee aliyemtukana. Walichozungumza hakijulikani. Alitoka amefura macho, akamwambia muuza rangi ni vumbi.

Safari ilikula masaa sita na nusu, na walisimama mara tisa. Kituo cha kuchajia kilikuwa kiwanja kitupu chenye mashine mbili, moja mbovu, na benchi ambalo Sindano alilitazama kwa dharau za kitaalamu. Mama alilizunguka gari mara mbili ameegemea mkono wa Mwenyekiti. Alipoguna, Mwenyekiti alisimama. Aliposema twende, walikwenda. Jamaa mmoja aliyekuwa anangoja zamu yake alilalamika kwamba huu si usafiri, ni adhabu. Mtu anasimama saa nzima.

"Unasimama mwenyewe?" Mama alimuuliza.

"Ndiyo, bibi."

"Bila kushikwa?"

"Ndiyo."

"Basi simama."

Walifika ziwani alasiri. Watoto wakaruka nje, mahema yakainuliwa kombokombo, na Mama akafunguliwa mlango alale akiyatazama maji. Alitazama kwa muda mrefu.

Ukafika wakati ambao Mwenyekiti alishindwa kujizuia. Alipanda juu ya sanduku la vyombo, mbele ya mlango ule ule, akafunga kifungo cha koti.

"Ndugu wanafamilia! Kwa heshima na taadhima nafungua kikao. Ajenda ni moja. Namwomba fundi wetu, aliyelipima gari hili kuliko mtu yeyote, atoe tamko ambalo sote tutalishika: gari la umeme linaifaa familia na safari za kambi, ama haliifai?"

Wifi alishusha sufuria. Sindano alikuwa ameinama ndani ya gari, sikio karibu na mdomo wa mama yake. Akainuka, akajifuta mikono kwenye sketi, akamtazama kaka yake kutoka viatuni hadi kofiani.

"Toka mlangoni. Mama anataka chooni."