Zamu ya Maji

Tangu kiwanda cha chai kiuzwe, Sefania wa Vuga hakukalika. Akikaa anainuka, akiinuka anakwenda kuchungulia kama mashine yake ya kukerezea vyuma bado ipo. Mafundi walikuwa sita, na mwenye kiwanda mpya, Bwana Silvano, alikuwa ametangaza kwamba atabakiza mmoja. Sefania alitaka awe yeye. Miaka thelathini karakanani, mtu aende wapi tena?

Basi Bwana Silvano alipomwambia wateremke Tanga wakafungue boti yake ya tanga, usukani umepasuka na shafti ya propela imepinda, hakuuliza hata bahari inafananaje. Alitia spana zake guniani, akapanda gari.

Wakaikuta boti imekaa mchangani, pakavu, maji yamekupwa. Shafti haikuwa na pa kutokea, usukani umeiziba kwa nyuma. Sefania akaomba jembe. Akachimba shimo chini ya usukani, akafungua bolti, akauteremsha humo taratibu; kisha akaivuta shafti mpaka ikatoka yote, ikaacha tundu wazi chini ya boti. Bwana Silvano akafurahi mno. Akapakia vyote garini na kuvipeleka kwa wachomeleaji mjini.

Fundi wetu akajinyoosha kivulini. Kwao maji ya mfereji huenda kwa zamu, leo shamba lako, kesho la jirani. Kwa hesabu yake, bahari nayo ilikuwa imekwisha zamu yake, hadi kesho.

Mwanamke mmoja mwokota chaza, Tatu, akapita na kapu lake.

"Shikamoo, mgosi. Lile tundu umeliziba? Maji yanarudi hayo."

"Marahaba. Yanarudi leo? Nani kayafungulia?"

Tatu alicheka mpaka akaketi. Alipoona mzee hacheki, akamwonyesha kwa kidole. Shimo la usukani lilikuwa limekwisha kujaa.

Sefania alitimua mbio. Akaparamia boti, akavua koti lake zito la mlimani, akalisokomeza kwenye tundu la shafti kwa ndani, akalikandamiza kwa visigino. Maji yakasukuma, naye akasukuma. Boti ikainuka, ikaanza kuyumba kwenye kamba yake. Kuogelea hajui. Alisali sala zote alizofundishwa kipaimara, zilipokwisha akaitukana bahari kwa Kishambaa, kisha akaomba radhi na kuanza upya. Kuruka alikutamani kila dakika. Lakini boti ikizama, kazi nayo imezama.

Alasiri Bwana Silvano akaja kwa mtumbwi, anapiga kelele toka mbali.

"Sefania! Hukuikimbia boti yangu?"

"Nipo, bosi. Kazi je?"

"Kazi unayo! Wakerezaji nitapata wengine kulekule juu. Mtu wa kuilinda boti namna hii sijawahi kumpata. Unabaki hapahapa Tanga."

Sefania aliikumbuka mashine yake kule mlimani. Alitaka kusema hapana. Lakini miguu yake ilikuwa bado juu ya tundu, na maji bado yanajaa.

"Ndiyo, bosi," akasema.