Nilivyomfundisha mbwa wa mbio kuleta ndege nikiwa Thamesmead, na mama mkwe akaninyang'anya kazi

Wakuu, heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Leo nimekaa nimwage hii stori. Najua kuna watu humu kazi yao ni kusema "chai hiyo". Sawa, kunyweni. Mimi naandika yaliyonikuta na mke wangu ni shahidi, ingawa akijua nimeyaleta humu nitalala kwenye kochi.

Niko London, upande wa Thamesmead. Naendesha basi. Wife anaitwa Zuhura, ni nesi. Wote watu wa Tanga, waislamu, na hatujawahi kufuga hata paka.

Pale depot tuna fundi mmoja Mwingereza, Colin. Colin alifanyiwa operation ya goti, akawa hawezi tena kumtembeza mbwa wake, anatafuta mtu wa kumpa moja kwa moja. Mbwa mwenyewe ni lurcher, yaani chotara wa greyhound na mbwa wa kuchunga kondoo. Miguu mirefu, mbavu zinahesabika, sura ya mtu aliyefukuzwa kazi bila kosa. Jina lake Bandit.

Colin akaniambia binamu yake ana shamba nje kidogo ya London, na kila Jumamosi ya msimu wanawinda pheasant. Hawa ni ndege wa porini, wakubwa kama kuku, mkia mrefu, dume lake limevaa rangi kama bwana harusi. Nikimfundisha Bandit kukamata ndege aliyejeruhiwa na kumleta mkononi, nakaribishwa, na ndege napewa.

Wakuu, mimi nikaona freezer limejaa. Nikasema naam.

Zuhura alipoona mbwa mlangoni hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Baba Nasra, unajua mama anakuja?"

Nilikuwa nimesahau. Mama mkwe wangu alikuwa anakuja kutoka Muheza kukaa nasi msimu mzima wa baridi. Mwanamke wa swala tano, ambaye kule kwao mbwa akipita uani anapigwa jiwe.

Tukafikia muafaka. Bandit analala kibanda cha nyuma, na msimu ukiisha bila kuleta hata ndege mmoja, anaondoka.

Basi mama akafika. Shikamoo mama, marahaba baba. Akamwangalia mbwa kupitia dirisha la jikoni kwa muda mrefu, akauliza, "Huyu anafanya kazi gani?"

Nikamweleza yuko mafunzoni.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema, akaenda kulala. Nikakumbuka naye ni mgeni, ila mdomo wangu nilioa nao, naijua mipaka yake.

Sasa mafunzo. Unachukua soksi, unaijaza mchele, unaifungia bawa la pheasant kwa raba. Unarusha, mbwa anafuata, anarudisha. Kwenye YouTube ni dakika mbili.

Bandit kuifuata alikuwa hatari. Risasi. Kuirudisha ndiyo hakuna. Anaibeba, anakuzunguka kwa mbali, anakutazama kwa jicho la dharau. Ukimsogelea, anachapa mbio. Kuna siku nimemkimbiza uwanja mzima wa pale karibu na ziwa nikiwa na kizibao cha kung'aa cha kazini, watu wanachukua video, bata maji wanapiga makelele. Nilitamani nizame humo ziwani.

Nikampigia Colin. Akanishauri nitumie korido ya nyumba, nifunge milango yote, mbwa akose pa kukimbilia.

Nikavizia siku ambayo Zuhura yuko shift. Nilichosahau ni kwamba jiko letu ni dogo, na mama akikuna nazi anaketi na mbuzi yake mlangoni mwa jiko, yaani mwisho wa korido. Nilimkuta nimeshamwingiza mbwa.

Nikarusha soksi upande wa mlango mkubwa. Bandit akaidaka, akanipita kama sipo, akaenda moja kwa moja kwa mama, akaiweka mapajani, kando ya bakuli la nazi.

"Astaghfirullah!"

Mama akaitupa. Mbwa akafurahi. Akaifuata, akamrudishia palepale.

Mimi nimeganda. Mkwe huwezi kumshika bega umuondoe, na mbwa huwezi kumfokea mbele ya mkwe. Nikabaki nasema "pole mama, pole mama" kama kasuku.

Sasa wale wa madhehebu yetu mnajua, mate ya mbwa ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Mama akanituma udongo. London udongo unauzwa dukani, nikaleta mfuko. Akaniambia nimsomee maandishi. Nikasoma: umechanganywa na mavi ya farasi.

"Nisafishe najisi kwa mavi, baba?"

Nikatoka na sufuria kwenda kuchimba kwenye bustani ya maua ya council. Jirani alichungulia, nikampungia mkono.

Lakini jioni ile mama akaniita. Nilijua ni hukumu. Akasema, "Nimekuangalia. Wewe unamkimbiza. Nani anampa kitu mtu anayemkimbiza? Hata mwizi akikimbizwa haleti, anakwenda nacho."

Kesho yake akavaa aproni ya plastiki na glavu za bluu za kazini kwa Zuhura, akaketi mwisho wa korido, akatugeuzia mgongo mimi na mbwa, akaniambia rusha.

Mbwa akaleta. Akaleta tena. Nilipotaka kurusha mara nyingine, mama akakataa. "Basi. Hata wewe ukitumwa dukani sana unanuna." Nilikuja kumuuliza Colin, akasema kweli, lurcher ukimrudisharudisha anachoka na upuuzi wako.

Jina la Bandit mama hakulitaka. Alimwita "Wewe". Na mbwa akawa anaitika Wewe.

Jumamosi ya kwanza shambani nilikwenda peke yangu. Mbwa akamkamata ndege, akaingia naye nyuma ya kichaka. Alipotoka, alikuwa na nyoya moja puani na hakuna ndege. Wazee wa Kiingereza wakacheka hadi wakakohoa.

Jumamosi ya pili hakula, ila alianza mizunguko yake. Nikasahau somo, nikamkimbiza, nikatumbukia kwenye mtaro.

Ikabaki Jumamosi ya mwisho ya msimu. Zuhura alikuwa ameshapata watu wa kumchukua mbwa. Nilikuwa sili vizuri, wakuu, nawaambia ukweli. Nilishamzoea mshenzi yule.

Mama akasema, "Jumamosi nakuja."

Hebu pigeni picha. Shamba limejaa ukungu, wazungu wana makoti ya kijani, na mbwa wao, labrador, wamenona. Pembeni ya uzio kuna kiti cha kukunja, juu yake bibi wa Muheza, makoti mawili, kanga juu ya makoti, aproni ya plastiki juu ya kanga, glavu za bluu. Hakuna aliyethubutu kuuliza.

Ndege akapigwa bawa, akaanguka, akakimbia kwenye miiba. Labrador wakaingia, wakatoka mikono mitupu. Colin, na fimbo yake, akanikonyeza.

Nikamwachia Bandit. "Lete!"

Wakuu, mbwa yule aliukata uwanja hata sijamaliza neno. Akamtoa ndege upande wa pili, akamshika. Kisha akasimama, akatuangalia, akaanza kuzunguka.

Miguu yangu ikaanza kwenda yenyewe.

"Baba Nasra! Kaa chini!"

Nikakaa. Palepale kwenye tope. Mama akageuza kiti, akampa mbwa mgongo, akaita mara moja tu: "Weweee!"

Mbwa akapunguza mwendo, akaja akitembea, akamzunguka mama, akamwekea ndege mapajani. Mzima. Anapepesa macho.

Mama akachomoa kisu kwenye kikapu. "Kibla wapi?" Nikawa nabonyeza simu kwa vidole vya tope. Akapiga bismillah, akachinja. Mwenye shamba akavua kofia, akasema yule bibi anakaribishwa wakati wowote.

Nikatafsiri. Mama akajibu, "Mwambie ahsante, ila chai yao haina tangawizi." Hiyo sikutafsiri.

Usiku huo tulikula mchuzi wa nazi. Zuhura aliongeza sahani ya pili, kisha akawapigia simu wale watu kuwaambia mbwa haendi popote.

Mama aliondoka majira ya maua. Msimu mpya ulipofunguliwa, Wewe akamkamata ndege kama kawaida, akazunguka, akazunguka, hana wa kumpelekea. Niliketi, niligeuza mgongo, nikaita. Hakunijali.

Zuhura alikuwa amekuja kunichukua, bado na sare za kazi. Akashuka kwenye gari, akavuka tope, akaketi kwenye nyasi mbichi, akatugeuzia mgongo sote. Mwanamke aliyekuwa hajawahi kumgusa mbwa yule.

Nikamwambia, "Zuhura, utalowa."

"Nyamaza," akasema. "Anakuja."

Na kweli alikuja.

Nilichojifunza: kitu unachokitaka sana, usikikimbize. Inafanya kazi kwa mbwa, na nahisi hata kwa baadhi ya watu, ila hilo sina ushahidi.

Mwenye uzoefu na mbwa wa hivi anipe mbinu ya kufanya aniletee na mimi siku moja, maana kwa sasa hapa nyumbani mimi ni mtazamaji. Wa matusi nao karibuni, ila pangeni foleni.